Chanzo: Babu Severini

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la sita, katika shule iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ruponda, na maktaba yetu ilikuwa kabati. Lilisimama kwenye ofisi ya walimu, ubao wake wa nyuma umeliwa na mchwa kiasi cha kupitisha mkono. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Dionisia, kwa sababu kila Ijumaa Dionisia alipata kumi kwenye imla. Mimi, Agapiti, nilipata tisa. Nilipata tisa wiki baada ya wiki, bila kukosa, na bila kukosa nilimchukia.

Mwalimu wetu Evodius alitokea Bukoba, na alikuwa bado hajamsamehe aliyempangia Nachingwea. Hasira zake alizimalizia kwenye Kiswahili chetu. Baada ya imla ulikuja utafiti: unaokota kikaratasi chenye neno, unalitafuta ndani ya kamusi, unaandika maana kwenye daftari, na chini yake unaandika chanzo, yaani kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Kisha unasimama na kusoma yote kwa sauti. Aliyesahau kusoma chanzo alipewa sifuri, hata kama maana ilikuwa sahihi.

"Usiniambie unajua," alizoea kusema. "Hata mlevi anajua. Niambie umeipata wapi."

Kamusi ilikuwa moja kwa darasa zima, na karatasi zake zilikuwa nyembamba na laini. Nautaja wembamba huo kwa sababu ndio ulioleta balaa. Mwaka ule katika duka la kijiji kulikuwa na chumvi na muuza duka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, daftari moja tulilikata vipande viwili tukagawana. Wazee walikuwa na tumbaku yao ya shambani, lakini karatasi ya kusokotea ndiyo ilikuwa shida. Waliojaribu mifuko ya saruji walikohoa mpaka Misa ikasimama.

Mlinzi wa shule alikuwa Babu Severini, babu yake Dionisia mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea. Kabla ya ulinzi alikuwa katekista kwa miaka ishirini, na nusu ya kijiji ilijifunza Baba Yetu kwake. Alikuwa mtu wa kurudisha sindano aliyoiokota njiani.

Yaliyotokea nyumbani kwao alinisimulia Dionisia mwenyewe tulipokwisha kuwa watu wazima, yeye akifundisha Ruangwa. Siku moja alifungua kamusi akakuta L, na baada ya L akakuta N. Aliporudi nyumbani mchana alimkuta babu yake uani anatia mpini kwenye jembe, na miguuni pake kuna kipande cha msokoto kilichozimwa. Kilikuwa na maandishi. Dionisia alikiokota, akakinyoosha, akasoma: *mbaazi*.

"Babu, umevuta kamusi."

"Biblia sikuigusa," alisema mzee.

"Umevuta herufi nzima, Babu!"

"Mkono unapoingilia pale nyuma ya kabati unafika katikati ya kitabu. Sikuchagua mimi." Aligonga mpini mara mbili. "Tena sikuvuta ovyo, mjukuu wangu. Asubuhi naisoma karatasi mbele na nyuma, jioni ndiyo naivuta. Hakuna neno nililochoma bila kulijua."

Dionisia alikaa chini akalia. Pale shuleni kila kosa lilisomwa paredini Jumatatu, jina la mtu na alichofanya, watoto wote wakisikia, pamoja na watu wazima waliokuwa wanapita kwenda mashambani. Hakutaka kitu kingine duniani ila jina la babu yake lisisomwe pale. Alipomaliza kulia alileta nusu yake ya daftari.

"Basi nitajie," alisema. "Yote."

Ikawa kila baada ya shule Babu Severini anamwandikisha mjukuu wake imla ya herufi M. Mengi aliyakumbuka kama yalivyokuwa. Mengine aliyatia chumvi. *Muhogo: chakula, mwaka huu hakuna kingine.* *Mbu: mdudu asiyechagua dini.* Dionisia aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akazishona karatasi kwa uzi, akazibandika kati ya L na N kwa uji wa muhogo. Na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Evodius mpaka ndani ya mifupa, chini ya kila ukurasa aliandika: *Chanzo: Babu Severini, mlinzi wa shule.* Hakufikiri. Mkono ulikuwa umezoea.

Wakati huohuo alikuwa na kazi ya pili. Vikaratasi vya utafiti aliviandika yeye, akiwa kiranja wa maktaba, na hakutaka mtu aguse M. Sasa jaribu wewe kuishi kwa Kiswahili bila M. Kwa wiki sita darasa letu halikutafiti mtu, mama, maji, mvua, mti wala mwalimu. Tulitafiti bata. Tulitafiti bata mara mbili.

Mimi niligundua kwamba M haitoki, kwa sababu mwenye wivu huwa na macho mazuri. Nilijua ameficha jambo. Sikujua ni nini, na sikutaka kujua; nilitaka ufunguo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na roho mbaya iliyokwisha kukomaa.

Wiki ya saba alikuja mgeni kutoka ofisi ya elimu, kwa Land Rover, na Mwalimu Evodius akataka kumwonyesha tunavyofanya utafiti.

"Agapiti, simama. Toa neno lolote, Dionisia alitafute."

"Mtu," nilisema.

Dionisia alinitazama kidogo tu. Kisha akafungua kamusi, akasoma kwa sauti ileile ya kila Ijumaa: "Mtu. Kiumbe mwenye akili, akiamua kuitumia."

Mgeni alicheka, akaomba kitabu. Akageuza karatasi zilizoshonwa, moja, mbili, tatu, akaacha kucheka.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na zilizokuwepo?"

"Kabati limeliwa na mchwa, Mwalimu," alisema Dionisia. Lilikuwa jibu la kweli kuhusu kabati.

Mgeni alisoma maandishi ya chini ya ukurasa, akamgeukia Mwalimu Evodius. "Mtoto amepoteza kurasa, akaenda kwa mzee, akaandika, na chanzo ameweka. Huu ndio utafiti. Huyu Severini yuko wapi? Aitwe nimpe mkono."

Alikuwa nje anafagia, kwa heshima ya huyohuyo mgeni. Aliingia amevua kofia. Mgeni alimshika mkono, akamsifu mbele yetu kwa dakika nzima, akisema wazee wa namna hii ndio hazina ya taifa. Babu Severini alisikiliza mpaka mwisho. Dionisia alikuwa anamtikisia kichwa polepole: usiseme, usiseme.

"Mzee wangu," alisema Babu Severini, "mchwa wanasingiziwa. Zile karatasi nilizivuta."

"Ulizivuta kwenda wapi?"

"Kwa tumbaku."

Mgeni aliuachia mkono. Hakuna aliyecheka, na mimi niliyekuwa nasubiri kucheka kwa wiki sita nilishindwa nianzie wapi.

"Mjukuu hana kosa," aliendelea mzee. "Alikuwa anaziba nilipotoboa mimi. Nimeshindwa kupokea sifa, basi."

Jumatatu mwalimu mkuu alisoma paredini: Severini, mlinzi, ameachishwa kazi kwa wizi wa mali ya umma. Watu wawili waliokuwa wanapita na majembe walisimama, wakasikia, wakaendelea na safari. Dionisia alikuwa mstari wa mbele. Alivua ufunguo shingoni kabla hajaambiwa, akamkabidhi Mwalimu Evodius, na Mwalimu Evodius, baada ya kututazama wote kwa uchovu, akanipa mimi. Nilikuwa nimeupata. Ulikuwa na joto la shingo yake bado, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kiasi kile.

Kamusi mpya haikuja. Tuliambiwa iko njiani kutoka Dar es Salaam, na nadhani bado iko njiani. Ijumaa iliyofuata Mwalimu Evodius aliandika vikaratasi mwenyewe, akituonea huruma kwa habari ya bata. Nikaokota changu. Kilikuwa na neno moja: *mlinzi*.

Nilifungua kamusi kwenye karatasi zilizoshonwa, nikanakili. Kisha nikasimama. "Mlinzi," nilisoma. "Mtu anayekesha ili wengine walale."

Mwalimu Evodius alisubiri, kalamu mkononi.

"Na chanzo?"

Nilimtazama Dionisia. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati.

"Chanzo," nilisema, "Babu Severini, mlinzi wa shule."

"Rudia. Nyuma hawajasikia."

Nikarudia kwa nguvu. Dionisia akainua kichwa. Mwalimu Evodius aliandika alama kwenye daftari langu. Ilikuwa kumi, kumi yangu ya kwanza, na sikuionyesha nyumbani.

Baada yangu alisimama Lusiana na *mvua*, akasoma chanzo. Akafuata Bernardo na *msalaba*, akasoma chanzo. M ndiyo herufi nene kuliko zote katika Kiswahili. Huwezi kuikwepa, tulikwisha kujaribu. Paredini jina la mzee lilisomwa mara moja. Darasani tulilisoma kila Ijumaa, kwa sauti, tumesimama wima, mpaka tulipomaliza la saba.