Mstari wa Mwenye Mali

Nilizaliwa kwenye kiwanja hiki cha Bigwa, na mama yangu alizaliwa hapa kabla yangu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, ndiyo maana hati ina jina langu, si la kaka yangu wala la mume wangu. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini siku ile nilipandwa na hasira.

Wakala wa bima alifika asubuhi, tai shingoni, viatu vimejaa tope la kwetu. Nilimwita mimi. Masika iliyopita kijito kinachoshuka mlimani kilibomoa jiko la jirani, nami nikaapa kwamba nyumba yangu haitasubiri zamu yake bila kinga. Aliniamkia vizuri, akaketi barazani, akaweka fomu na mkataba juu ya goti. Kisha akanigeuzia bega, akamtazama mume wangu.

"Mzee, jina lako kamili?"

Mume wangu akalitaja, polepole, moja baada ya jingine. Wakala akaliandika kwenye mstari wa mwenye mali kwa herufi kubwa.

"Futa," nikasema.

"Mama, ni utaratibu tu. Jina la baba halina usumbufu."

"Hati hiyo hapo mezani. Ina jina la nani?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kumbembeleza mtoto. Basi nikauchukua mkataba wenyewe, nikavaa miwani, nikaanza kuusoma kwa sauti tangu neno la kwanza. Niliishia darasa la saba, lakini kusoma sikuazima kwa mtu. Kila nilipokuta neno nisilolijua nilisimama hadi alieleze, na nilimkataza kuniambia kwamba ni mambo ya kisheria tu. Nilipofika pale panaposema kwamba mwombaji akitoa maelezo yasiyo ya kweli halipwi fidia, nikapasoma mara mbili. Wakala akaangalia viatu vyake.

Nikaendelea. Moto, ndiyo. Radi, ndiyo. Wizi, ndiyo. Ukurasa wa nyuma, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, palikuwa na orodha ya mambo yasiyolipiwa, na humo nikakuta mafuriko na maporomoko ya udongo.

"Baba, umekuja hapa kwa miguu," nikamwambia wakala. "Mlima hukuuona?"

"Ipo nyingine yenye hayo, mama, ila ni ghali kidogo. Wengi wanachukua hii hii. Mchagua jembe si mkulima."

"Mimi nalima tangu nina meno ya utoto, na jembe nachagua. Toa hiyo nyingine."

Ilikuwa chini kabisa ya mkoba wake. Nayo nikaisoma yote, chai ikapoa, jua likahamia upande wa pili wa baraza. Mafuriko yalikuwamo. Maporomoko yalikuwamo. Nilishaanza kujisikia mshindi nilipofika kwenye maneno haya: bima hii ni ya jengo, ardhi haimo.

"Maana yake nini?"

"Nyumba ikianguka tunalipia kuta, paa na milango," akasema, sasa kwa adabu. "Kiwanja hatukilipii, mama. Kiwanja chako kitabaki palepale."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa akiutazama ukuta.

Tofali za ukuta ule alizifyatua yeye, kiangazi cha pili cha ndoa yetu, akazichoma kwenye tanuru alilolijenga kando ya kijito. Pembeni mwa dirisha la jiko lipo tofali lenye alama ya kiganja chake, aliligusa kabla halijakauka. Zaidi ya miaka thelathini nimetundika upawa wangu juu ya kiganja kile. Na miaka yote hiyo, kila wajomba zangu wakija, humtania: "Mkwe, hapa ulikuja na nini?" Yeye hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Pale barazani niliona aibu, na sikumbuki mara ya mwisho kuona aibu mbele ya mtu mwenye tai.

"Kwa nini hukumwambia kwamba kiwanja si chako?" nikamuuliza mume wangu.

"Hakuniuliza kiwanja," akasema. Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Nilitaka kuliona jina langu limeandikwa, mama watoto. Hata mara moja tu."

Hasira yangu haikuisha. Iligeuka tu upande, ikatafuta pengine pa kukaa. Nikamwomba wakala fomu mpya, nikamnyang'anya na kalamu. Kwenye mstari wa mwenye mali nikaandika jina langu lote, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa kuliko zake. Chini yake, mahali palipokuwa patupu, nikaandika la mume wangu.

"Mama, samahani," wakala akasema. "Hapo mstari ni mmoja. Ofisini hawatakubali."

"Udongo ni wa mama yangu," nikamwambia. "Tofali ni za huyu. Unakatia bima tofali au hukatii?"

"Nakatia."

"Basi chora mstari wa pili."

Alinitazama, akamtazama mume wangu, akafungua mkoba na kutoa rula.