Aliyesimama Mahali pa Baba

Nilianza kuichukia ile kompyuta kabla haijatoka kwenye katoni. Kaka yangu alikuwa amekaa Marekani miaka tisa bila kukanyaga nyumbani, hata mama alipofariki hakuja, halafu mwishoni mwa miaka ya tisini akatutumia mashine. Pamoja nayo kulikuwa na diski ya video ya harusi yake, harusi ambayo hatukualikwa. Katika barua alinieleza, kwa maringo yake yaleyale, kwamba kanda za video zimepitwa na wakati.

Kompyuta iliwekwa kwangu, kwa sababu pale nyumbani kwetu karibu na Birongo ni nyumba yangu tu iliyokuwa na umeme. Ya baba ilikuwa ng'ambo ya shamba la chai na waya haungefika. Sasa, kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua imnyeshee, atabaki nje. Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi baba alikuja na kigoda chake, akakiweka chini ya dirisha la sebule yangu, akapanda na kuegemeza viwiko kwenye fremu. Niligeuza kompyuta imtazame.

Picha ilikuwa takataka. Nyuso zilikuwa viraka vya miraba, rangi zimevurugika, na kila baada ya muda watu waliganda huku sauti ikiendelea. Sauti ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililotuponza. Tulimsikia mfawidhi wa sherehe akimwomba baba wa bwana harusi asimame. Makofi yakapigwa. Doa la kijivu likainuka kutoka kiti cha mbele, na doa jeusi, ambalo bila shaka lilikuwa kaka yangu, likaenda kulikumbatia.

Baba alikuwa na Kiingereza cha kutosha.

"Nani huyo amesimama mahali yangu?" akaniuliza.

Nilimwambia haonekani vizuri. Akasema basi nitengeneze aonekane, yeye angerudi kila siku akishapeleka majani ya chai. Na kweli alirudi. Nilikuwa naona kofia yake inatokeza dirishani na damu inanichemka. Nilipangusa ile diski kwa shati mpaka ikapata mikwaruzo. Nilisingizia umeme. Siku ya tatu akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, kwamba mwalimu mzima nimeshindwa na sanduku, au nimeamua kumficha yule mtu kwa sababu mimi na kaka yangu lugha ni moja. Mimi, niliyemzika mama na kulima shamba la baba. Nilifunga dirisha kwa nguvu mbele ya uso wake, na sijutii.

Kesho yake nilienda Kisii mjini kwa Mhindi mmoja aliyeuza redio na televisheni. Kabla sijamaliza kulalamika aliuliza kompyuta imewekwa kuonyesha rangi ngapi. Nilipomwambia sijui alicheka, na wateja wake wakacheka naye. Kisha akanichorea kwenye karatasi ya risiti mahali pa kubonyeza. Akaniuliza pia kama kile kisanduku kinapumua. Sikuelewa swali mpaka nilipofika nyumbani.

Mke wangu alifuma vitambaa vya kila kitu. Makochi yalivaa, redio ilivaa, chupa ya chai ilivaa. Kompyuta ilipofika akaifumia vazi jeupe lenye maua, akaliteremsha hadi nyuma likaziba matundu yote ya hewa. Niliweka mkono pale, kulikuwa kwa moto kama sufuria. Nilipolivua alinuna hadi Sabato. Lakini picha iliacha kuganda, na nilipoongeza rangi kama nilivyochorewa, nyuso zikarudi kuwa nyuso.

Niliitazama peke yangu, mlango na dirisha vimefungwa. Aliyesimama alikuwa mzee nisiyemjua, mwenye suti ya kijivu na ua kifuani. Kaka yangu alimshika mabega na kulia. Kwa mama hakulia hata kwenye simu.

Ningeweza kumwambia baba kwamba mashine imeshindikana. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa na hasira ya miaka tisa, na nilitaka baba amwone mwanawe mpendwa, yule ambaye kila siku nilifananishwa naye, alivyo hasa. Nasema ukweli: sikumtengenezea baba ile picha, nilimtengenezea kaka yangu kitanzi.

Baba alipokuja, dirisha lilipofunguliwa mwanga wa jua ulipiga kioo kikawa cheupe chote. Nikaona niharibikiwe mwishoni? Nilichukua blanketi, nikatoka nje, nikalipigilia misumari juu ya dirisha, nikamfunika baba nalo mgongoni mpaka akawa kama mpiga picha wa zamani. Nikarudi ndani. Katika lile giza, kwa mwanga wa kompyuta, nilimwona baba vizuri sana, na picha pia ilionekana vizuri sana.

Mfawidhi alimwita baba wa bwana harusi. Mzee wa suti ya kijivu alisimama. Baba alisogeza uso hadi ndani ya fremu, karibu kuvuka pale asipopaswa kuvuka. Alitazama lile kumbatio hadi likaisha. Nilisubiri amlaani, maana nilikuwa tayari kuitikia.

"Unaweza kuirudisha vile ilikuwa?" alisema.

Nilimuuliza irudi vipi.

"Ile ya kwanza. Ile hakuna mtu anaonekana."

Alijifunua blanketi, akashuka, akachukua kigoda chake. Nilimtazama akipanda kuelekea chai yake bila kugeuka, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Kisha nilipunguza rangi zile, hatua kwa hatua kama Mhindi alivyonichorea ila kinyumenyume, nikaivika kompyuta lile vazi la mke wangu. Nilikaa hapo siku nyingi na dirisha wazi. Hakurudi.