Mboga za Krismasi kwa Mtoto Asiyetaka Kula

Mwanangu wa kwanza alikuwa hataki mlenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza. Mtu wa pwani huenda asione ajabu, lakini kwetu Singida mtoto kukataa mlenda ni kama kukataa maji ya kunywa. Tulikula mlenda uliolala asubuhi, tukaula mchana, na jioni tukapika mwingine. Yeye ukimtia mdomoni tonge lenye mlenda alilisukuma nje kwa ulimi, taratibu, bila kulia, likamdondokea tumboni, kisha akakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosa adabu. Kunde hakuzitaka kwa sababu ya maganda. Nyama aliitafuna akaitema. Maziwa ya mgando aliyageuzia uso. Alichokubali ni ugali mkavu, wa moto, usioguswa na mboga yoyote, na huo nao matonge machache tu. Baada ya hapo alifunga mdomo, na hakuna aliyeweza kuufungua.

Siku hizo tulikuwa chini ya Mwingereza, na mume wangu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Tulikaa kambini, katika chumba kimoja cha udongo, tukila posho ya unga wa mahindi, maharage na chumvi. Mimi ni Mnyaturu wa Issuna. Yeye ni Mnyiramba, na wazazi wake walikuwa wakilima huko juu, ukishapanda mlima na kutembea karibu kutwa nzima. Kwa hiyo kambini sikuwa na mama, wala dada, wala shangazi wa kumwuliza kitu. Nilikuwa na majirani tu, na kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja aliniambia nimfinye mtoto pua ili afungue mdomo. Nilimwambia akamfinye wa kwake.

Baada ya mavuno mama mkwe alishuka kututembelea. Alimpakata mjukuu wake, akauzungushia mkono wa mtoto kidole gumba na cha shahada, juu kabisa, karibu na kwapa. Vidole vikakutana. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu. Alimgeukia mwanawe, mimi nikiwa nimepiga magoti pale pale na maji ya kunawa, akasema, "Krismasi mtakuja nyumbani. Nikimwona anakula, mtarudi naye. Nikimwona hali, anabaki kwangu. Wenzake wote nimewalea mimi."

"Ndiyo, mama," mume wangu akajibu.

Ndiyo, mama! Mtu aliyekuwa akishuka shimoni kila siku bila kutetemeka, mbele ya mama yake alikuwa na maneno hayo mawili tu. Nami nikamimina maji, kwa sababu mkwe hajibizwi.

Na ni kweli alikuwa amewalea. Kwao mtoto akishaachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, mama yake apate kulima na kubeba mimba nyingine. Watoto wa mashemeji zangu wote walikuwa huko juu, wamejaa mashavu. Hakuna aliyeona ubaya, na ndiyo maana sikuwa na wa kumshitakia. Mchungaji angeniambia nishukuru kwamba mtoto ana bibi. Bomani je, ningemwendea Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, nikamwambie nini? Kwamba mwanamke mmoja anataka kumlisha mjukuu wake? Lakini mimi nilikuwa na huyo mmoja tu. Niliyembeba baada yake tulimzika kabla hajapewa jina, na tangu hapo mwili wangu ulikuwa kimya. Kila nilipomwosha binti yangu na kuzipitia mbavu zake kwa mkono, niliona wanakuja kumchukua.

Basi nikawa mpishi wa mtu mmoja. Nilibadilisha posho ya maharage kwa uwele, nikasonga ugali wa uwele; akaonja, akaacha. Nikajaribu wa mtama. Nikapika majani ya maboga kwa karanga, akaona kijani, akageuza kichwa. Nikapika njugu mawe mpaka zikapasuka. Nikapika viazi vitamu na kuviponda kwa samli. Aliviangalia. Nilikuwa nikimwekea chakula mbele yake, kisha nakaa namtazama mdomo, nami mdomo wangu mwenyewe ukifunguka na kufumba bila mimi kujua. Mume wangu alicheka siku moja aliponiona hivyo. Nilimtazama mpaka akaacha kucheka.

Mboga iliyonipa tumaini niliikumbuka kwa mama yangu. Huko Issuna aliwapikia wazee wasio na meno. Unaloweka kunde usiku, unazifikicha maganda yote, unazichemsha zikavurugika, halafu unazitwanga pamoja na karanga zilizokaangwa na kumenywa, mpaka inakuwa nzito, laini, isiyovutika wala kuteleza. Siku niliyoitwanga mara ya kwanza niligeuka kuchukua chumvi, na nilipogeuka tena nikamwona mwanangu ana kidole mdomoni. Alikuwa amechota kwenye mwiko. Nikajifanya sikuona. Akachota tena.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikamwekea kwenye sahani yake ya bati, pembeni ya ugali, visigusane. Akakunja mikono.

Ikawa hivyo kila nilipoipika. Kwenye mwiko aliiba, kwenye sahani alikataa. Nilijiambia ni deko tu, siku ya Krismasi atakula. Mtu akibanwa hujiambia mengi.

Krismasi kwetu huja wakati mbaya. Mvua ndiyo kwanza imeanza, maghala yamebaki na vumbi, na kila punje iliyopo ina kazi yake shambani. Karanga nilizokuwa nazo zilikuwa za mbegu. Nilizikaanga. Jirani alisikia harufu, akaja mlangoni akashika kiuno, "Mwenzetu, unakaanga mbegu? Utapanda nini?" Nikamjibu kwamba nitapanda mawe ya Sekenke. Akaondoka akitikisa kichwa.

Tulipanda mlima mkesha wa sikukuu. Mume wangu alimbeba mtoto mabegani, mimi nilibeba kikapu: kunde nilizokwisha kuzifikicha na kuzianika, karanga nilizokwisha kuzisaga, kibuyu cha samli, kingine cha asali. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningepika ile mboga alfajiri kwenye mafiga ya mama mkwe. Ningepakua kidogo kwenye kibakuli changu, nikifiche. Wakati wa kula ningemchukua mtoto kando, nimlishe mimi mwenyewe, kisha nimwite mama mkwe aje aone. Njia nzima nilikuwa nikimwambia Mungu, tonge moja tu, moja mbele yake, mengine nitahangaika nayo mwenyewe.

Nilichopanga kilikuwa kinyume cha desturi, na nilijua. Nyumbani kwa mama mkwe, mke wa mwana anatwanga, anasaga, anakoleza moto, lakini hapakui. Chochote kilichoiva kwenye mafiga ya mama mwenye nyumba ni chake. Anakionja, anakimimina kwenye vyungu vyake, anakigawa anavyotaka, na hakuna atakayesema hiki kilipikwa na fulani. Nikapika alfajiri kama nilivyokusudia, na wenzangu wakiwa kisimani nikachota kibakuli changu, nikakifunga kwenye kanga na kukisukuma nyuma ya magunia.

Wifi yangu alikiona. Alikifungua, akanusa, akanitazama. "Wifi, unaficha chakula? Katika nyumba ya watu? Leo?"

"Ni cha mtoto."

"Watoto wote wako nje. Huyu wako ana chakula gani cha gizani?"

Mnajua neno lililokuwa linafuata: uchawi. Mke aliyetoka mbali, chakula kilichofichwa, sikukuu, ukoo mzima umekusanyika. Akitokea hata mmoja kuumwa tumbo usiku ule, jina langu lingekuwa limekwisha. Nikakichukua kile kibakuli kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikampa. Akaonja kwa ncha ya kidole. "Kunde," alisema, akakimimina chunguni pamoja na nyingine. Nilitazama mboga yangu ikipotea mle ndani.

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Niliimba mdomo ukiwa unafanya kazi peke yake. Tuliporudi, chakula kikatengwa: wanaume kwenye kivuli cha nyumba, wanawake uani, watoto wamekizunguka chano kikubwa cha mti karibu na zizi. Kulikuwa na mbuzi, kuku, na wali wa mchele wa dukani, kidogo kidogo, wa kuonja. Ugali wa uwele mlima mzima. Mboga za kila namna.

Mama mkwe akaketi mkekani. "Mleteni."

Alimpakata. Akaanza na wali, akaufinyanga vizuri, akapuliza. Mtoto akaupokea, nikafumba macho kwa furaha, nilipofumbua ulikuwa umetoka na kudondoka mkekani. Akampa ini la kuku, akalitema. Akampa mgando. Akampa majani ya maboga. Wanawake wote walikuwa wameacha kula, wanatazama. "Amezoea posho ya Wazungu," mmoja akasema. "Huyo ana minyoo," akasema mwingine. "Anadeka tu." Mama mkwe hakukasirika, aliendelea kwa upole, tonge baada ya tonge, na mwanangu akakaza meno mpaka kidevu kikatetemeka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kucha zangu zimeingia mapajani. Kula, mwanangu. Kula, nakuomba. Kula kitu chochote duniani.

"Basi," mama mkwe akasema, akamshusha. "Nimeona."

Wanawake wakarudi kwenye chakula chao. Kwao jambo lilikuwa limekwisha. Nilimtafuta mume wangu kwa macho kule kwenye kivuli. Alikuwa akitafuna mfupa huku akisikiliza habari za ng'ombe za kaka yake.

Mtoto alijiondokea polepole kuelekea zizini. Watoto wenzake walikuwa wakigombea, viwiko kwa viwiko, kila mmoja akiharakisha kabla mboga haijakwisha. Hakuna aliyemkaribisha. Hakuna aliyemtazama. Alisimama nyuma yao kidogo, kisha akajipenyeza chini ya kwapa la msichana mkubwa, akakata tonge, akachovya, akala.

Nilifikiri macho yananidanganya. Akakata lingine. Akasukumwa, naye akasukuma. Nikasogea. Katikati ya chano kulikuwa na bakuli, na ndani yake, nzito, ya rangi ya udongo, mboga yangu ya kunde. Mwanangu alikuwa ameipaka mpaka puani.

Nikapiga kelele, mimi mwenyewe, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mama! Mama, njoo uone! Anakula!"

Wakaja wote. Mama mkwe akasimama juu ya watoto, mikono nyuma, akatazama muda mrefu, uso ukamkunjuka kwa furaha ya kweli. Akaniwekea mkono begani. Hakuwa amewahi kunigusa hivyo.

"Nimeona, mwanangu," akasema. "Kwangu anakula."

"Mama, ulisema akila tutarudi naye."

"Nilisema. Lakini kwako hali, na hapa anakula. Sasa nimrudishe akafe?"

"Ni mboga yangu hiyo, mama. Ile ya kunde. Mimi ndiye niliyeipika."

Wanawake wakaangua kicheko, si kicheko kibaya, kama mtu anavyomcheka mgeni aliyekosea mlango. "Kwenye vyungu vya mama kuna mboga yako, wifi?" Mume wangu alikuwa amefika. Nikamwambia kwa macho, sema. Sema neno moja. Akamwangalia mtoto anavyokula, machozi yakamlengalenga, akasema, "Ahsante, mama."

Mwanangu akakata tonge lingine. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nimeombea tonge moja, na sasa nilikuwa nikiyatazama matonge yakiingia, naye anatafuna, anameza, na moyoni nilikuwa nikisema tema. Tema, mwanangu, tema hilo, tema kama unavyojua. Hakutema.

Tuliondoka kesho yake, maana kengele ya kazi ya machimbo haisubiri mtu. Nilimweleza mama mkwe jinsi ya kuipika ile mboga, kufikicha, kutwanga, samli kidogo, na alinisikiliza vizuri. Mtoto alikuwa na wenzake, wana kiazi wananyang'anyana, hakugeuka. Njiani mume wangu alisema, "Atanenepa." Nilitembea mbele yake mpaka Sekenke, na kwa siku nyingi zilizofuata nilimpikia, nikamtengea, nikatoka nje mpaka amalize.

Pasaka tulipata nafasi ya kupanda tena. Nilimwona kutoka mbali na sikumjua, maana nilikuwa nikitafuta mtoto mwembamba. Watoto walikuwa kwenye chano. Walipotuona waliinuka mbio kutusalimu, wakapiga magoti mmoja mmoja. Shikamoo mama mdogo. Shikamoo mama mdogo. Ndivyo wanavyopaswa kuniita, maana mimi ni mke wa mdogo wa baba zao. Wa mwisho alikuwa wangu. Mashavu yamejaa, mkono mnene, mkunjo umejitokeza kwenye kiwiko. Alimeza kwanza kilichokuwa mdomoni, akapiga magoti vizuri kama wenzake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," nikamwitikia, naye akainuka, akakimbia kurudi kwenye chano kabla wenzake hawajamaliza.