Nesi wa Mkunazini aliyehesabu kigugumizi cha mdogo wangu kwa mafundo ya uzi

Wakuu, amani kwenu.

Leo sina siasa wala mpira. Nataka kumsifu mwanamke mmoja tu, na nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu nikiwa na miaka kumi. Atakayesema hii ni chai, basi anywe peke yake.

Ni Mji Mkongwe, mtaa wa Mkunazini, miaka michache baada ya Mapinduzi. Karo za skuli zilishafutwa, na baba alikuwa mwashi kule Michenzani, zile nyumba ndefu zilipoanza kunyanyuka.

Nina mdogo wangu wa kike, Rukia. Wakati huo alikuwa na miaka saba, na alikuwa na kigugumizi kikali. Neno likimshika, shingo inakakamaa, macho yanafumba, na sisi tulio karibu tunabaki tunahema badala yake.

Sasa Mji Mkongwe mnaujua. Kila nyumba ina baraza, kila baraza ina wazee, na mtoto hapiti bila ya kuamkia. Usipotoa shikamoo huna adabu, na habari zitafika nyumbani kabla yako.

Suluhisho la familia lilikuwa mimi. Nina mdomo kama chiriku tangu utotoni, hata humu jukwaani mnanijua. Tukipita barazani natoa shikamoo mbili, yangu na yake. Dukani namsemea. Akianza tu, mimi nshamaliza. Watu wakinisifu kuwa ni kaka mwenye huruma, na mimi kichwa kikivimba.

Mwaka mmoja nyuma tulimpeleka kuandikishwa skuli. Pale mtoto alikuwa anaulizwa jina, analitaja mwenyewe. Rukia akakwama. Nikalitaja mimi, kwa sauti, kutoka mlangoni.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mrejeshe mwakani, akishajua kusema."

Baba ilimuuma sana. Akasema mwakani tutajaribu mara moja tu. Ikishindikana, Rukia atakaa nyumbani amsaidie mama, basi. "Simpeleki mwanangu pahala akachekwe kila siku ya Mungu," alisema. Hakuwa mkatili, wakuu. Aliamini anamkinga.

Dawa zilijaribiwa. Aliandikiwa kombe, aya za Qur'ani kwa wino wa zafarani zikaoshwa kwa maji, akanywa. Halafu jirani akaja na ushauri kuwa mtoto akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na mkataji ashapatikana.

Hapo ndipo alipoingia Bi Zaina.

Alikuwa nesi wa watoto, amepanga chumba cha juu kwenye nyumba ile ile yetu. Mwanamke mwembamba, mpole, lakini akisema neno halirudii mara mbili. Alishuka ngazi, akamwambia mama afungue dirisha apate mwanga, akamtazama Rukia koo.

"Kombe mpe, ni dua, halimdhuru," alisema. "Kimeo msiguse. Koo lake zima. Nipe mwezi nimsikilize."

Mama akashangaa. "Utamsikiliza nini, Bi Zaina, na mwenyewe hasemi?"

"Hayo hayo asiyoyasema."

Basi kila alasiri, akitoka kazini, anakuja kukaa nasi na kofia yake ya viua anashona. Wanawake wote wa mtaa walikuwa wakishona kofia, kwa hiyo hakuna aliyemtilia maanani. Hata chuoni kwetu alikuja, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akakaa nyuma anashona huku sisi tunasoma Qur'ani.

Mwezi ulipokwisha akatandaza nyuzi nne juu ya mkeka. Nyeupe, kijani, nyeusi na nyekundu.

Kumbe siku zote zile pembeni ya kofia alikuwa na uzi mwingine. Kila Rukia anapokwama, yeye anapiga fundo. Na kila pahala pana uzi wake! Wakuu, hiyo ni research. Hakuwa na mashine ya kurekodi, hakuwa na ofisi, lakini data alikuwa nayo, na mtoto hata hakujua kama anapimwa. Mpaka leo nikikumbuka navua kofia.

Uzi mweupe ulikuwa wa Rukia akiwa peke yake na mtoto wake wa matambara. Haukuwa na fundo hata moja. Wa kijani ulikuwa wa chuoni, anaposoma pamoja na wenzake. Nao safi. Mweusi, akizungumza na mama, ulikuwa na mafundo ya hapa na pale.

Mwekundu ulijaa mafundo toka mwanzo mpaka mwisho.

"Huu wa wapi?" mama akauliza.

Bi Zaina akaninyooshea kidole. "Wa huyu."

Nililia. Nikamwambia mimi ndiye ninayemsaidia, watu wote wanajua!

Hakunikaripia. Aliniweka karibu yake. "Najua unampenda. Lakini kila ukimmalizia neno, anajua kachelewa. Akijua kachelewa atakimbia, na akikimbia atajikwaa. We mwanangu, dawa yake ni wewe kunyamaza."

Nimepewa dawa nyingi chungu maishani, klorokwini ikiwemo. Ile ilizishinda zote.

Masharti yakawa haya. Nyumbani tuseme taratibu sisi wenyewe kwanza. Akikwama tumtazame usoni, si mdomoni, na tungoje. Asiambiwe "vuta pumzi" wala "sema vizuri". Na kila siku baada ya alasiri mama akae naye kidogo wazungumze bila ya kumuuliza maswali. Bi Zaina naye akimfundisha kulianza neno polepole, kwa pumzi laini, bila ya kulisukuma.

Halafu akazunguka mtaani baraza kwa baraza. Akawaomba wazee wasimwitikie marahaba mpaka Rukia amalize shikamoo yake. Baadhi walicheka, lakini walikubali.

Siku ya kwanza alipotumwa dukani peke yake, nilimfuata kwa nyuma. Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja wa Mlandege, tukimwita Bwana Kanji. Rukia akasimama, akakwama, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema, "Mpe mafuta ya taa, si chupa hiyo kashika?"

Bwana Kanji akaegemeza viwiko juu ya meza. "Hajamaliza," akamjibu, kisha akamgeukia Rukia. "Sema, mama, duka halikimbii."

Alisema. Ilichukua muda, lakini alirudi na mafuta yake, na njia nzima alinikataza nisimbebee chupa.

Siku ya skuli ikafika. Mwalimu yule yule, meza ile ile. Mama kanishika mkono mlangoni, na mimi nimeng'ata mkono wa kanzu yangu.

"Jina lako nani?"

"R... R..."

Shingo ikakakamaa. Mwalimu akaanza kutazama jina linalofuata kwenye orodha. Naapa jina la Rukia lilikuwa juu ya ulimi wangu, linanichoma.

Rukia akafumbua macho.

"Ni... ningoje, mwalimu. Nnasema."

Mwalimu akainua uso. Akangoja.

Akataja jina lake, la baba na la babu, kwa kukwamakwama, mpaka mwisho. Mwalimu akaandika.

Mama alilia njia nzima. Bi Zaina tulipomwambia alicheka tu, akauliza kama Rukia amekula.

Wakuu, Rukia hakupona, na sitawadanganya. Mpaka leo ana kigugumizi, ni bibi mwenye wajukuu, na akikwama anakuangalia mpaka unajua wajibu wako. Siku hizi nawasikia wataalamu wa speech therapy wakiwaambia wazazi wasimmalizie mtoto maneno, nacheka peke yangu. Sisi tuliambiwa na nesi aliyekaa juu ya mkeka.

Kama una mtoto wa aina hii, mngoje. Tabu ni yako wewe unayesubiri, na hiyo tabu haiui. Wenye visa vyenu shusheni hapa, na wanaojua zaidi ya mimi wanisahihishe.

Nilisahau: jioni ya siku ile ya skuli baba alirudi na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Rukia alikuwa kakaa sebuleni. Baba akanigeukia mimi, kama kawaida yake.

"Enhe, kasemaje?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, baba."