Kijitabu cha Kuosha Mtoto na Kupika Samaki

Waasi walipoushika mji wa Uvira, shule yetu ilifungwa, nami mwalimu wa darasa la tatu nikabaki na ufunguo wa chumba cha karatasi na mashine ya roneo ya kurudufia. Shangazi yangu, aliyekuwa mkunga, alisema karatasi zisipotumika zitaliwa na mchwa. Alikuwa na mafundisho mawili ambayo wanawake wa mtaa wetu wa Mulongwe walikuwa wamechoka kuyasikia: kuosha mtoto mchanga na kupika samaki. Akaamua tuyachape. Watu, alisema, wanaheshimu karatasi.

Yeye alisema, mimi nikapiga taipu kwenye stensili. Jalada nililichora mwenyewe, mtoto upande mmoja na samaki sangala upande mwingine. Wino ukavuja katikati, akatokea sangala aliyevaa nepi. Shangazi alimtazama kwa makini, akasema anafanana na watu wa kwa mama yangu.

Tulizungusha mashine mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha tukakunja karatasi na kuzishona kwa uzi wa nyavu, na migongo tukaipaka gundi ya unga wa muhogo. Kuku wa jirani waliipenda ile gundi kuliko mtama, basi mmoja wetu akawa anashona, mwingine anafukuza kuku.

Jambo moja hatukulijua. Ukikunja karatasi katikati, kurasa mbili zilizokaa pamoja kwenye karatasi moja hazisomwi pamoja. Sisi tulikuwa tumezipanga kama zinavyofuatana, moja na mbili, tatu na nne, na tulipokunja zikatawanyika. Hatukusoma tena. Tulifurahi tu kuona kitu kinachofanana na kitabu.

Tukavitia vijitabu kwenye beseni, tukashika njia ya zahanati ya Kalundu. Penye daraja palikuwa na kizuizi cha waasi. Mkuu wao, mtu wa makamo mwenye ndevu nyingi, alichukua kijitabu kimoja kuona kama ni siasa. Akasoma kwa sauti, polepole, watu wa foleni wakisikiliza:

“Mtoto akishatakata, mukaushe kwa kitambaa laini, umupake chumvi na ndimu, kisha umutie katika mawese ya moto.”

Kiswahili nacho hakikutusaidia. Samaki hupakwa, mtoto hupakwa, na wote wawili ni “umupake”.

Akafunua mbele. Huko sangala alikuwa anaparwa magamba, anafungwa nepi na kuimbiwa mpaka alale.

“Mama,” akamwambia shangazi, “huku kwenu batoto munabakaanga?”

Shangazi, ambaye hakuwa amewahi kuogopa mwanaume yeyote kwa kuwa wengi aliwapokea wakiwa uchi, alimnyang'anya kijitabu.

“Weye iko unasoma vibaya,” alisema.

Akasoma mwenyewe. Alipofika penye mawese alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele miwili, akanigeukia mimi. Yule mkuu alikuwa ameegemea nguzo ya daraja anafuta machozi, na foleni nzima ilikuwa imekaa chini kwa kucheka. Bunduki zenyewe zilikuwa zimewekwa majanini. Alituruhusu kupita, ila alibaki na kijitabu kimoja. Alisema mke wake ana mimba na anapenda samaki.

Kule Kalundu vijitabu vilikwisha kabla hatujaeleza lolote. Habari ilikuwa imetutangulia.

Shangazi hakukubali kosa libaki. Tulirudi chumbani, tukakata stensili upya, safari hii tukikunja kwanza karatasi tupu na kuandika namba kwa penseli. Kikatoka kitabu kizuri, kila jambo mahali pake. Wanawake walikifunua kwa adabu, wakashukuru, wakauliza kama kile kingine kimebaki.

Alinuna kwa siku kadhaa. Kisha Jumapili moja, kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, dada mmoja alikuwa anawasomea wenzake kile cha kwanza, akicheka mwenyewe kabla ya kufika popote. Shangazi alivumilia, akashindwa. Alisimama, akakichukua mkononi mwake.

“Minye ndiyo nilikiandika,” alisema. “Mukicheka mbele ya wakati, sisomi.”

Akasoma chote, uso mkavu kama wa padri, akitulia kidogo kabla ya kila samaki.