Mchicha wa Bibi Kwenye Mizabibu

Kiangazi kilichopita nilirudi Ufaransa, kwenye ile nyumba ya wageni iliyozungukwa na mashamba ya mizabibu. Nilifika na binti yangu, tukaweka mabegi, na kabla hata ya kunywa maji nikamwambia avae viatu tutoke. Nilitaka kuona kama mchicha bado unaota pale. Usinicheke. Ukinisikiliza utajua kwa nini.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikaa Wembley, London. Baba alifanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na Bibi, mama yake, alikaa nasi. Baridi ya mwaka ule Babu alifariki, na tangu hapo Bibi akawa hali chakula. Si kwamba aligoma. Alikaa na sisi, akamega tonge mbili, akasema alhamdulillahi nimeshiba, akasogeza sahani. Nguo zote zilimpwaya. Baba alikuwa na hofu, na mie zaidi, kwa sababu nililala naye chumba kimoja na niliiona mifupa ya mabega yake. Tulijua akiendelea vile tutampoteza naye.

Baba aliisikia nyumba ile kwa mwenzake wa kazini. Akajaza gari mchele, tui la kopo, pilipili na sufuria ya Mama, maana nyama ya huko hatukuiamini kuwa ni halali. Mama mwenyewe alibaki na zamu zake hospitali. Bibi alipoiona mizabibu imetanda kutoka barabarani mpaka kilimani, akaguna.

"Mwanangu, umenitoa Wembley kunileta kwenye shamba la walevi?"

Baba akamwambia hizo ni zabibu tu. Bibi akajibu kwamba zabibu hazina kosa, wenye kosa anawajua. Tukacheka sana, lakini jioni ile pia alikula tonge zake mbili.

Asubuhi nilimshika mkono tukaenda kutembea. Nina hamu na asubuhi zile mpaka leo. Udongo wa changarawe ulilia chini ya viatu, kengele ya kanisa ililia bondeni, na harufu ya mkate ilitufuata kutoka jikoni kwa mama mwenye nyumba. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu, kwa hiyo nilimsimulia kila kitu: pale pana mti wa tini, pale paka kalala juu ya ukuta. Siku moja, katikati ya mistari ya mizabibu, nikaona majani niliyoyajua kutoka duka la mtaani kwetu Wembley, yale yanayofungwa mafungu kwa mpira.

"Bibi, kuna mchicha hapa."

"Wazungu na mchicha wapi na wapi."

Hata hivyo akainama. Akapapasa shina, akavunja jani, akalinusa. Kisha akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. "Ndo wenyewe, wallahi. Hebu nitafutie majani machanga."

Mama mwenye nyumba alitukuta tumejaza mtandio mzima. Akatuonyesha kwa mikono kwamba hayo ni magugu, yeye huwapa kuku. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anaongea na jirani wa miaka: "Basi leo mie ndo kuku wako." Akaazima jiko, akaunga mchicha kwa kitunguu, pilipili na tui. Nyumba ikanukia kwetu. Bibi akala, akaongeza, akaongeza tena. Baba alitoka nje akasimama karibu na gari, akapangusa macho.

Kila asubuhi baada ya hapo tulikwenda kuchuma. Mie mbele, yeye nyuma. Nikiita, "Bibi, nimeuona," naye hujibu, "Macho yangu hayo." Tulirudi London ana mashavu, na Mungu akatuachia miaka mingine mingi naye.

Sasa mistari ile ni misafi, wanapuliza dawa ya magugu. Mama mwenye nyumba hayupo, kuku hawapo. Nilitembea nimeinama, binti yangu nyuma, akaniuliza kwa Kiingereza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta mchicha. Akashangaa, mbona umejaa Wembley, si tutanunua tukirudi.

Mwisho wa mstari, karibu na mtaro, dawa ilipopakosa, palikuwa na shina moja. "Bibi, nimeuona," nikasema kwa sauti. Kisha nikabaki nimesimama pale, nikisubiri kuitwa macho yake.