Alasiri Walipomchukua Cherono

Juzi, kwenye runinga ya bweni letu la wafanyakazi wa hoteli hapa ughaibuni, Abu Hamour, bibi mmoja wa wenyeji asilia wa Australia alisimulia jinsi serikali ilivyomtwaa utotoni kutoka kwa mama yake. Nikamkumbuka Cherono.

Nilipokuwa mtoto, kina Cherono walikuwa jirani zetu, watu wa msituni, nguo zao zikinukia moshi na asali; lugha yao niliijua kwa kucheza nao. Alasiri ile gari la serikali lilikuja kuwachukua watoto wao, eti wakastaarabishwe shule ya bweni. Nilinusa petroli, nikaona viti vyekundu, nikamwonea Cherono wivu.

“Mama, na mimi nipande!”

Mama alinikumbatia hadi nikaumia. “Nyamaza, mwanangu. Wewe huchukuliwi.”

Hata mama yake Cherono alipolikimbilia gari akipiga mayowe, nilidhani anamuaga tu.

Baadaye mama huyo aliwakusanya akina mama wenzake, wakawa wanaketi nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya, mvua na jua, wakidai watoto wao. Cherono aliporudishwa alikuwa msichana mkubwa. Mama yake alimsemesha kwa lugha yao. Cherono akanigeukia.

“Anasemaje?”

Nikamtafsiria: “Anauliza kama umekula.”